Eksteno imeandikwa 10Gbps halafu inakopi kwa megabaiti 38: tufungue kiboksi tuone kuna nini

Kuna lalamiko moja linajirudia kila watu wakianza kuongelea diski za nje, au eksteno kama wengi wanavyoziita. Mtu kanunua yake mpya, kwenye boksi pameandikwa kwa maandishi makubwa 10Gbps, yaani gigabiti 10 kwa sekunde, kachomeka kwenye laptopu, kaanza kukopi video, anaangalia ile namba ya spidi inasoma megabaiti 38 kwa sekunde na imeganda hapohapo. Anaona kapigwa. Mmoja anamwambia hiyo feki, mwingine anamwambia kompyuta yako ina virusi, wa tatu anamwambia ifomati tu itakaa sawa. Mara nyingi sana hakuna hata mmoja aliyepatia, na kwa namba kama hiyo mimi kitu cha kwanza ningebadilisha ni kebo.

Ili ieleweke kwa nini, tukubaliane majina kwanza, manake hapa ndo watu wanapopishana. Eksteno kwa kweli ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna diski yenyewe, ndo inayotunza mafaili yako. Afu kuna kesi, yaani lile ganda la plastiki au alumini ambalo diski inakaa ndani yake, na ndani ya kesi kuna bodi ndogo yenye chipu. Hiyo chipu wengi hawajui hata kama ipo. Kazi yake ni kutafsiri, manake diski inaongea lugha inayoitwa SATA au nyingine inayoitwa NVMe, na poti ya kompyuta inaongea USB, bila mtu wa kati hawaelewani kabisa. Ukinunua eksteno iliyofungwa kiwandani umeuziwa vyote kwa mpigo, ukinunua kesi tupu unatia diski yako mwenyewe, labda ile uliyoitoa kwenye laptopu ya zamani.

Kwa hiyo faili likitoka kwenye kompyuta linapita kwenye poti, linapita kwenye kebo, linapita kwenye chipu, ndo linafika kwenye diski. Spidi utakayoiona ni ya kile kizito kuliko vyote hivyo vinne. Ukiweka diski ya kasi ya ajabu kwenye kesi ya zamani utapata spidi ya kesi ya zamani, na ukiweka diski ya zamani kwenye kesi ya kisasa utapata spidi ya diski ya zamani pamoja na bili ya kesi ya kisasa.

Diski yenyewe

Ile ya kuzunguka, HDD, ni teknolojia ya siku nyingi, ya kwanza ilitoka IBM mwaka 1956 ikiwa na sahani 50 na haikubeba hata megabaiti 5, lakini wazo lake halijabadilika mpaka leo: sahani zinazunguka na mkono wenye kichwa unahama juu yake ukisoma na kuandika. Zinakuja kwa saizi mbili, ya inchi 2.5 ambayo ni ile ya laptopu na ya inchi 3.5 ambayo ni ya desktopu, na tofauti kubwa ya kuijua iko kwenye umeme. Geuza diski usome lebo, ya 2.5 utakuta inataka 5V peke yake, ya 3.5 inataka 5V na 12V. Poti ya USB ya kawaida inatoa 5V. Ndo maana eksteno za inchi 3.5 karibu zote zinakuja na adapta ya kuchomeka ukutani, na kama unataka kitu cha kutia kwenye begi utembee nacho basi hiyo ishajitoa yenyewe.

Spidi ya HDD ya 2.5 ni kama megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde, ya 3.5 inayozunguka mara 7200 kwa dakika inaweza kufika 200 na zaidi. Lakini hizo ni namba za kukopi faili moja kubwa. Diski ya 7200 inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, ya 5400 kwa milisekunde 11.1, na kwa kila faili dogo lililokaa sehemu nyingine kichwa kinatakiwa kihame halafu kisubiri sahani izunguke mpaka sehemu husika ifike chini yake. Ukikopi filamu moja ya giga 8 unamaliza kwa dakika moja na kitu, ukikopi folda la picha ndogondogo elfu thelathini lenye uzito uleule unaweza kwenda kuoga ukarudi bado halijaisha. Diski haijaharibika hapo, ndo ilivyo.

SSD haina kitu kinachozunguka, inatunza data kwenye chipu za kumbukumbu, kwa hiyo hilo tatizo la kichwa kuhamahama halipo. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inafika kama megabaiti 550 kwa sekunde na hapo ndo mwisho wa SATA. NVMe inaenda maelfu.

Sasa hapa kwenye M.2 ndo watu wananunua kesi mara mbili. M.2 ni umbo tu, kile kijiti chembamba, na namba kama 2280 inamaanisha upana milimita 22 na urefu milimita 80, basi, haikuambii kijiti kinaongea lugha gani. Kuna M.2 ya SATA na kuna M.2 ya NVMe, zinafanana kama mapacha, na kesi ya NVMe pekee haitasoma ya SATA, wala ya SATA pekee haitasoma ya NVMe. Kishike kijiti uangalie ule upande wenye meno ya dhahabu. Kama kuna pengo moja tu upande wa kulia au kushoto kutegemea umekishikaje, mara nyingi ni NVMe, yakiwa mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Nasema mara nyingi manake zipo NVMe chache zenye mapengo mawili, kwa hiyo soma na lebo, na kama lebo imetoka tafuta namba ya modeli. Kuna kesi zinazopokea zote mbili, za chipu kama Realtek RTL9210B, na kama huna uhakika diski yako ni ipi hizo zinakuondolea presha.

Kuna jambo jingine kwenye HDD ambalo haliandikwi kwenye boksi. Diski nyingi za kuzunguka za inchi 2.5 zenye nafasi kubwa zinatumia utaratibu unaoitwa SMR, ambapo mistari ya data imepandiana kama mabati kwenye paa ili ienee mingi zaidi. Kuezeka paa jipya hakuna shida, unaanza chini unapanda. Ila ukitaka kubadilisha bati moja la katikati, lazima uinue na yale yaliyolilalia. Diski nayo hivyohivyo, kubadilisha data ya zamani inabidi iandike upya na ya jirani, kwa hiyo inaanza vizuri afu baada ya kukopi giga nyingi mfululizo spidi inaporomoka mpaka unadhani imekwama. Mwaka 2020 kulikuwa na kelele kubwa baada ya kugundulika kwamba Western Digital walikuwa wameweka SMR kwenye baadhi ya diski zao za modeli ya Red bila kusema, na ilibidi kampuni itoe orodha ya zipi ni zipi. Kwa mtu anayehifadhi picha na video za kutazama, SMR haina neno. Kama unataka kuendesha programu au kuhariri video moja kwa moja juu yake, ikwepe.

Majina ya USB, yaani aliyeyapanga sijui alikuwa anawaza nini

USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde. Angalia vizuri, mega*biti*. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ugawe kwa 8 unapata megabaiti 60, na ukitoa yale mazungumzo ya chinichini kati ya kompyuta na kifaa unabaki na 30 hadi 40 hivi. Umeiona ile 38 ya mwanzo? Hiyo namba ni kama saini ya USB 2.0. Ukiiona kwenye diski mpya usihangaike na virusi, ujue sehemu fulani njiani kuna kitu cha USB 2.0.

Mwaka 2008 ikaja USB 3.0 ya gigabiti 5. Mwaka 2013 ikatoka 3.1, na ile ya gigabiti 5 ikapewa jina jipya, USB 3.1 Gen 1, wakati ya gigabiti 10 ikawa Gen 2. Mwaka 2017 ikatoka 3.2, majina yakabadilika tena, ya 5 ikawa USB 3.2 Gen 1, ya 10 ikawa 3.2 Gen 2, na ikaongezeka ya 20 inayoitwa 3.2 Gen 2x2. Kwa maneno mengine, kitu kilekile cha 2008 kinaweza kuuzwa leo kwa jina la "USB 3.2" na muuzaji hajadanganya. Ndo maana mimi jina silisomi tena, natafuta namba yenye Gbps, 5 au 10 au 20 au 40, isipoandikwa popote naihesabu kuwa ni 5.

Kwa uhalisia gigabiti 5 inakupa kama megabaiti 400 na kitu kwa sekunde, ya 10 inakupa karibu 1000, ya 20 karibu 2000, na USB4 au Thunderbolt (muunganisho mwingine wa kasi) ya 40 inaweza kupita 3000 ukiwa na NVMe nzuri ndani. Hiyo ya 20 ina mtego wake: lazima poti ya kompyuta nayo iwe ya 2x2, na kompyuta nyingi hazina, hata baadhi zenye Thunderbolt, kwa hiyo ukichomeka inashuka mpaka 10 na pesa ya ziada imepotea hewani.

Linganisha hizo namba na za diski utaona jambo. HDD ya megabaiti 130 haijazi hata nusu ya gigabiti 5. Kuinunulia HDD kesi ya gigabiti 10 ni hela ya bure, haitaenda mbio zaidi hata kidogo. SSD ya SATA ya 550 inabanwa kidogo na gigabiti 5, kwa 10 inapumua.

Afu kuna hii imani kwamba ukiona poti au kebo ya C basi ina spidi. C ni umbo la kichwa tu. Kebo nyingi za C zinazokuja na simu kwa ajili ya kuchaji ndani zina nyaya za USB 2.0 peke yake, inachaji vizuri kabisa ila data inapita kwa 38. Kwa nje hutaitambua, lazima ujaribu au itoke na kesi yenyewe. Kebo ya kichwa cha zamani, A, angalau unaweza kuichungulia: ukiona pini nne tu mbele ni USB 2.0, ukiona na safu ya pili ya pini tano kwa ndani ni 3. Rangi ya bluu inasaidia ila siyo sheria. Kwenye Mac ukifungua taarifa za mfumo sehemu ya USB inakuandikia kabisa kifaa kimeunganishwa kwa spidi gani, ukiona 480 Mb/s badilisha kebo, badilisha poti, kabla hujarudisha mzigo.

Kesi

Watu wanachagua kesi kwa muonekano na hapo ndo shida zinaanzia. Angalia kama imeandikwa UASP, huo ni utaratibu unaoruhusu maombi mengi ya kusoma na kuandika kwenda kwa pamoja badala ya kusubiriana moja moja, SSD bila huo inapoteza uwezo wake mwingi hasa kwenye mafaili madogo. Angalia unene: diski za 2.5 zipo za milimita 7, za 9.5, na zile zenye nafasi kubwa za milimita 15, hii ya mwisho haiingii kwenye kesi nyingi za kawaida hata ukisukuma vipi.

Joto ni la NVMe zaidi. Kijiti kikifanya kazi nzito ndani ya kesi ndogo kinachemka mpaka kesi ukiigusa unaondoa mkono, afu diski yenyewe inajipunguzia spidi ili isiungue. Kwa hiyo kesi ya alumini, na kile kipande cha mpira laini cha kupitisha joto kinachokuja kwenye boksi kisitupwe, unakibandika kati ya diski na alumini, wengi wanakiona kama takataka ya kufungia tu. Toa na ile plastiki yake pande zote mbili. Kesi kuwa ya moto kwa nje ni dalili nzuri, joto linatoka, ya plastiki inaweza kuwa ya baridi kwa nje huku ndani kunapikwa.

Upungufu wa umeme nao watu wanaudhania ugonjwa wa diski. Poti ya USB 2.0 kwa kiwango chake inatoa miliampea 500, ya 3.0 inatoa 900, na HDD ya 2.5 pale inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea nzima. Umeme usipotosha utasikia tik... tik... tik, inajaribu kuwaka inashindwa inaanza upya, mtu anakata tamaa diski imekufa. Jaribu poti ya nyuma ya desktopu badala ya ya mbele, toa habu (kile kifaa cha kuongeza poti) isiyokuwa na umeme wake, tumia kebo fupi. Ikiendelea kugonga hata kwenye kompyuta nyingine na kebo nyingine, hapo sawa, sasa ni ugonjwa kweli na usiendelee kuiwasha washa kama kuna data unayoitaka.

Na wakati mwingine kilichokufa ni kesi tu, chipu au poti yake, diski ndani ni nzima. Unaitoa unaitia kwenye kesi nyingine maisha yanaendelea. Hii ndo sababu kubwa ya mimi kupendelea kununua kesi na diski kila kimoja peke yake, manake baadhi ya eksteno za kiwandani za inchi 2.5 poti ya USB imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hakuna SATA humo ndani, poti ikivunjika huna pa kuihamishia mpaka fundi wa kuchomelea. Nyingine chipu yake inafunga data kwa siri hata kama hukuweka nenosiri, ukihamisha diski unakuta vitu visivyosomeka. Na ukihamisha diski kutoka kesi moja kwenda nyingine afu Windows ikakuambia inabidi uifomati kwanza, usikubali. Kuna kesi zinahesabu vipande vya diski tofauti na nyingine, data ipo palepale, ukirudisha kesi ya awali au ya aina yake inaweza kuonekana tena.

Mengine yanayosemwa sana

"Nimenunua terabaiti 1 nimepewa giga 931, wameniibia." Hapana. Kiwanda kinahesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja, Windows inagawa kwa 1,073,741,824 kwa kila giga, ukigawa unapata 931. Mac tangu 2009 inahesabu kama kiwanda kwa hiyo diski hiyohiyo ukiichomeka kule inasoma 1TB.

"Diski ina nafasi kibao ila inakataa faili." Imefomatiwa FAT32, mpangilio wa mafaili wa zamani ambao haupokei faili moja la zaidi ya giga 4. Kwa anayehama kati ya Windows na Mac fomati exFAT, Linux nayo inaielewa bila kuongeza kitu kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 5.4. Ila exFAT haina kumbukumbu ya kujirekebisha kama NTFS ya Windows au APFS ya Mac, ukichomoa inaandika unaweza kukuta folda zima limevurugika, kwa hiyo hapo ile kazi ya kubonyeza toa kwa usalama usiidharau. NTFS kwenye Mac inasomeka tu, haiandikiki bila programu ya ziada. Kufomati kunafuta kila kitu, fanya siku ya kwanza.

"SSD haifi kwa hiyo naweka picha zote humo nafungia kabatini." SSD inashikilia data kwa chaji ya umeme na chaji inavuja taratibu ikikaa bila kuwashwa. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya chipu, kwa SSD za watu wa kawaida kinadai ikishachoka kabisa kwa kuandikwa iweze kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Mpya itakaa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini kwa kitu cha kufungia kabatini miaka mingi mimi nachagua HDD, na ni nafuu pia kwa kila terabaiti. SSD nachagua kwa kitu kinachotembea kwenye begi, kwa sababu ikianguka haina kichwa cha kugonga sahani. Na kwa vyovyote ukihamishia picha kwenye eksteno halafu ukazifuta kwenye kompyuta, hapo huna bekapu, una nakala moja tu iliyohama makazi.

La mwisho ni feki za kweli, manake zipo. Ukiona SSD ndogo ya terabaiti 16 au 30 inauzwa kwa bei ya kutupa, ndani mara nyingi kuna kadi ya kumbukumbu kama ya simu imegundishwa kwenye bodi, na programu yake imechezewa ili iiambie kompyuta ina nafasi hiyo. Itaonyesha 16TB, itapokea mafaili, majina utayaona yote, siku unafungua hayafunguki kwa sababu nafasi halisi ilijaa kitambo na mapya yakawa yanaandikwa juu ya ya zamani. Kufomati hakuitambui wala kuangalia ukubwa hakusaidii. Kinachoitambua ni kuijaza yote kisha kuisoma yote: kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Kwa diski kubwa inaweza kuchukua usiku kucha, iache iende, na muda huohuo unaona kama spidi inaporomoka njiani na kesi inapata moto kiasi gani. Fanya hivyo ukiwa bado ndani ya muda wa kuirudisha dukani, na nakala za zamani usizifute mpaka imemaliza bila kosa hata moja.